Wanaobaki Mlango Ukiwa Wazi

Mzee Hamdani ni mtunza bustani. Katika Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, kila tunapomkuta anapalilia, anasafisha mifereji ya maji, au amejikalia kivulini na kitabu chake cha kasida. Hana maneno. Kijana Yusuf, aliyeletwa katika nyumba ile kuwa rehani ya deni la baba yake, humzengea kwa muda mrefu akitaka walau aitikiwe salamu kwa bashasha, na mzee hata shingo hageuzi. Baadaye sana ndipo tunajua kwamba mzee huyu ni mtumwa, na kwamba aliwahi kupewa uhuru wake akaukataa. Bibi mwenye nyumba alimwambia yuko huru, aende atakako. Yeye akarudi kwenye miti yake. Sababu anayoitoa ni kwamba uhuru ule haukuwa mali ya bibi yule hata aweze kumgawia mtu.

Ukurasa huo nimeusoma na kuurudia, na kila nikiufikia naona wivu. Gurnah amelimaliza kwa maneno machache jambo ambalo mimi nimelikalia sura nzima na bado halijatulia.

Jambo lenyewe ni hili. Naandika riwaya ya msichana wa kazi, mzaliwa wa Singida, anayeishi kwenye nyumba moja ya Tabata, Dar es Salaam. Mshahara wake ni wa ahadi: unatunzwa, siku ya kuondoka atakabidhiwa wote. Geti la nyumba hiyo hutiwa kufuli usiku tu. Mchana liko wazi, na yeye ndiye anayetumwa dukani, sokoni na mashineni kusaga. Nauli anayo; noti nilimtia mkononi mwenyewe kwenye sura ya nne. Mhariri wangu, mtu mwenye kalamu nyekundu na subira fupi, akaandika pembeni: kwa nini hatoroki? Nilitaka kumjibu kwa hoja, habari za umaskini na mila na haki za wafanyakazi wa majumbani, halafu nikaona haya. Msomaji akishauliza hivyo, basi hajaonyeshwa. Hoja za mwandishi nje ya kitabu hazimsaidii kitu.

Kwa hiyo nimeweka kalamu chini, nasoma. Riwaya ziko nne na nazisoma kwa zamu: Peponi, Kasri ya Mwinyi Fuad na Vuta N'kuvute, zote mbili za Adam Shafi, na Theft, riwaya ya Gurnah iliyotoka 2025, ambayo naisoma kwa Kiingereza. Ya tano, Utengano ya Said Ahmed Mohamed, nimeipitia upya kwa ajili ya mhusika mmoja tu.

Nianze na Peponi kwa sababu ndiyo inayoninyima usingizi. Kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1994 kwa jina la Paradise na kufika hatua ya mwisho ya tuzo ya Booker. Ilibidi Gurnah apate Nobeli mwaka 2021 ndipo sisi, ambao pwani yao ndiyo iliyomo humo, tuipate kwa lugha yetu: tafsiri ya Ida Hadjivayanis ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Nilipoisoma kwa Kiingereza zamani niliipenda kwa heshima, kama mtu anavyompenda mkwewe. Kwa Kiswahili heshima imeondoka na nimeanza kugombana nayo, jambo ambalo kwangu ni dalili nzuri. Tena kuna mzunguko wa ajabu hapa. Wahakiki wameonyesha kwamba ile safari ndefu ya msafara kwenda bara, yenye njaa, maradhi na mtawala anayewanyang'anya mali yao, Gurnah aliijenga akiwa na maandishi ya wasafiri Waswahili wa zamani, hasa ya Selemani bin Mwenye Chande, yaliyomo kwenye kitabu cha Safari za Wasuaheli alichokichapisha Mjerumani Carl Velten mwaka 1901. Kisa kilisimuliwa kwa Kiswahili, kikasafirishwa hadi Ujerumani, kikaingia kwenye Kiingereza, kisha kikarudi Dar es Salaam kikiwa riwaya. Zaidi ya miaka mia moja njiani.

Lakini safari hiyo, pamoja na uzuri wake wote, siyo inayonishughulisha sasa. Kinachonishughulisha ni baraza la duka.

Yusuf na Khalil, vijana wawili waliowekwa rehani kwa tajiri Aziz, wanalala nje. Naomba msomaji alizingatie hilo kwa sababu mimi mara ya kwanza lilinipita. Hawafungiwi. Hawana mnyororo wala mlinzi. Wanatandika mikeka yao barazani mbele ya duka, na mbele yao ni barabara. Usiku mbwa wanakuja, wanasimama pembeni wakiwakodolea macho, na Yusuf anawaogopa kuliko anavyomwogopa Aziz. Mwandishi mwingine angejenga ukuta na kuuwekea vipande vya chupa juu. Gurnah ameweka mbwa na barabara, akatuacha tujiulize: kijana wa miaka kumi na mbili, aliyeletwa kwa treni kutoka mji ambao hajui arudi vipi, na ambako waliomtoa ni wazazi wake wenyewe, atoroke aende kwa nani?

Halafu kuna Aziz mwenyewe. Tajiri huyu hapigi watu. Ananukia vizuri, anasema taratibu, ni mtu wa adabu. Alipokuwa akifika kwa wazazi wa Yusuf, kila akiaga alimwachia mtoto sarafu, mtoto akaizoea na kuisubiri. Yusuf amekua akimwita mjomba, na ni Khalil anayemkemea: huyu si mjomba wako, huyu ni seyyid. Ile sarafu ndogo imenifundisha kitu kuhusu bosi wa kwenye riwaya yangu. Nilimchora mkali, mwenye makofi na matusi, nikidhani ukali wake ndio unaomtia msichana woga. Nimeufuta ukali huo. Sasa kila sikukuu mama mwenye nyumba anamnunulia msichana wangu gauni, na anamwita mwanangu mbele ya wageni, na sura ile imekuwa ngumu zaidi kuisoma.

Khalil ndiye anayekaribia zaidi swali la mhariri wangu. Yeye aliwekwa rehani pamoja na Amina, msichana ambaye baba yake alimwokoa kutoka kwa watekaji na kumlea kama bintiye. Aziz amemwoa Amina, na deni kwa hesabu za kawaida limekwisha. Khalil angeweza kuondoka. Anabaki dukani, anauza, anatania wateja, anabusu mkono wa tajiri kwa bidii inayochusha. Yusuf anaudhika naye, nami niliudhika, hadi nilipoelewa kwamba kuondoka kwake ni kumwacha dada yake peke yake ndani ya nyumba ile. Gurnah halisemi hilo kwa sauti kubwa. Unaliokota kidogo kidogo kwenye utani wa Khalil, na siku likikukalia kichwani unarudi nyuma kusoma ule utani wote upya.

Nikiwa hapo nilitoka kidogo kwenye riwaya nikaingia kwenye historia, kwa sababu nilishuku kwamba Hamdani si mtu wa kubuni tu. Unguja, amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa ilitolewa na Sultani Hamoud bin Mohammed tarehe 6 Aprili 1897. Wengi wetu tuliifundishwa shuleni kama siku ya mlango kufunguliwa. Utaratibu wake haukuwa rahisi hivyo. Mtumwa ilimbidi aende mwenyewe mahakamani kuomba. Akishapewa uhuru alitakiwa aonyeshe mahali atakapoishi na njia ya kujikimu, vinginevyo angehesabiwa kuwa mzururaji. Masuria hawakuguswa na amri hiyo mpaka mwaka 1909. Upande wa bara, ambako ndiko hadithi ya Peponi inakotokea, Wajerumani waliondoka bila kuufuta utumwa kabisa. Ulifutwa na Waingereza mwaka 1922. Kwa hiyo mtu wa pwani aliyeambiwa yuko huru aliulizwa papo hapo: unalala wapi leo? Na wengi jibu walilokuwa nalo lilikuwa palepale walipolala jana, kwa bwana yuleyule, sasa kwa masharti ya kibarua au mpangaji wa shamba.

Msichana wangu wa Tabata hajatajwa kwenye amri yoyote. Swali analokutana nalo ni hilohilo.

Kutoka hapo nikachukua Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyochapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1978. Humo kuna Kijakazi, mtumishi aliyezeekea kwenye shamba la ukoo wa Mwinyi Fuad huko Koani, Unguja. Anaamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Fuad anamtukana na kumpiga mateke, naye kila akiitwa anaitika kwa unyenyekevu uleule. Mapinduzi ya Januari 1964 yanapofika, yaani mlango unapong'olewa na bawaba zake, Kijakazi hajui aufanyie nini uhuru huo. Moyo wake bado uko kasrini.

Hamdani na Kijakazi ni pacha. Wote wamezeekea kazini, wote wameambiwa waende, wote hawakwenda. Tofauti iko kwa waandishi wao. Shafi anamkasirikia Kijakazi. Anampenda, hilo halina ubishi, mateso yake ameyaandika kwa jicho la mtu aliyeyaona. Lakini kila Kijakazi anapofungua kinywa kumtetea bwana wake, mwandishi anasimama nyuma yake akimtikisia msomaji kichwa. Kijakazi hajaamka. Kijakazi anahitaji kuelimishwa. Kuna wenzake walioamka na riwaya inawapa maneno mazuri ya kusema. Kijakazi hapewi sababu. Anapewa kasoro.

Nimejaribu kujiweka katika viatu vya Shafi wa miaka ile, na hapo ndipo ninapochanganyikiwa kidogo. Aprili 1972 Mzee Karume aliuawa, na Shafi alikuwa miongoni mwa waliokamatwa na kutiwa ndani. Haini, riwaya aliyoitoa 2003, imetokana na jela hiyo. Kwa hiyo Kasri ilipotoka, aliyeiandika alikuwa ameshaonja makufuli ya serikali ya Mapinduzi yenyewe. Humsikii mtu huyo ndani ya Kasri. Imani ya kitabu haina nyufa. Sijui mwandishi mwingine angeweza vipi kuzitenga nafsi mbili namna ile, na siwezi kumlaumu kwa kitu ambacho huenda ndicho kilichomwezesha kuendelea kuandika. Ila nikizisoma riwaya zake kwa mpangilio wa kutoka kwake, naona Shafi wa 2003 angemwandika Kijakazi mwingine. Angemkalisha chini amsikilize.

Kwa upande wa wanaotoka, Vuta N'kuvute ya mwaka 1999 bado haina mpinzani. Yasmin, msichana wa Kihindi wa miaka kumi na tano, ameozwa Bwana Raza, muuza duka wa Mtendeni aliyempita umri mara tatu na zaidi. Anatoroka. Anakwenda kwa ndugu wa damu, mjomba wake, na mlango huo haumpokei: mke aliyemkimbia mume ni aibu ya ukoo. Unaompokea ni wa Mwajuma, jirani yake wa zamani, mwanamke Mswahili mwenye sauti ya taarabu na mdomo usio na breki, ambaye watu wa heshima wa mtaani wasingependa kuonekana naye. Milango hiyo miwili ndiyo inayonivutia kuliko chochote kingine kitabuni. Shafi hapo hahubiri. Anatuonyesha Yasmin aliyelelewa kuwaona watu wa kina Mwajuma kuwa chini yake, sasa anakula sahani moja na Mwajuma, anavaa nguo zake, na anajifunza kucheka kwa sauti.

Nakala yangu ya kitabu hiki imekaa kwa mama yangu mdogo muda mrefu kuliko ilivyokaa kwangu. Yeye ni mtu wa Unguja, ameisoma zaidi ya mara moja, na alitazama pia filamu aliyoitengeneza Amil Shivji, ile iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Nilipokwenda kukifuata alikuwa na hukumu yake tayari.

"Kitabu hichi, mwanangu, kapewa Denge, lakini si chake. Chake Mwajuma."

"Kwa nini unasema hivyo, mama? Denge ndiye anayepigana na Mwingereza."

"Na apigane. Nani alofungua mlango usiku? Denge kafungua mlango wa nani?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Denge, kijana aliyesomea Urusi na kurudi na fikra za kuwatoa wakoloni, anapoingia kwenye riwaya anaingia na kila kitu: magazeti yaliyopigwa marufuku, makachero, Inspekta Wright, jela, kutoroka jela. Kasi inaongezeka, kurasa zinageuka zenyewe, na kama ni starehe ya kusoma ipo tele. Lakini Yasmin, ambaye sehemu ya kwanza ilikuwa yake, anaanza kusogezwa pembeni ya hadithi yake mwenyewe, na Mwajuma anabaki kuwa mahali pa watu kukutana. Wote wanapita kwake. Wanakula, wanajificha, wanapendana, wanapanga mipango. Nilitaka ukurasa mmoja tu wa Mwajuma akiwa peke yake wageni wakishaondoka, akihesabu alichobaki nacho. Labda upo na mimi ndiye niliyeusoma kwa haraka. Mama mdogo anasema haupo, na yeye simbishii.

Utengano nitaipita upesi, si kwa kuidharau. Ilitoka 1980, ilitahiniwa Kenya, na kuna watu wazima Nairobi na Kakamega ambao ukiwatajia Maimuna wataanza kukueleza muktadha wa dondoo kabla hujamaliza sentensi. Maimuna amefungiwa ndani na baba yake, Bwana Maksuudi, tajiri mwenye sura ya dini na roho ya kibiashara. Kurasa za ndani ya nyumba ile ni miongoni mwa kurasa nzito za nathari yetu; Said Ahmed Mohamed anakufanya usikie joto la chumba. Kisha Maimuna anatoka, na nje kunamsubiri ulevi na madanguro, kana kwamba kati ya ukuta wa baba na danguro la mjini hakuna hata mtaa mmoja wa watu wa kawaida. Najua hoja inayotolewa: jamii ndiyo iliyomponza kwa kumnyima elimu ya dunia. Ni hoja ya kweli. Lakini nikiwa mwandishi, naona pia mkono wa mwandishi mwenzangu ukimsukuma. Mwandishi Kezilahabi naye hakuwa mpole zaidi kwa waliotoka: Rosa wa Rosa Mistika na Kazimoto wa Kichwamaji, vijana waliotoka Ukerewe kwenda kusoma, wote wawili anawamaliza kwa kujiua. Kwa miaka kama kumi hivi, riwaya bora za Kiswahili zilikuwa na nguvu kubwa ya kuonyesha mtu alivyobanwa, na zikishamtoa tu zinakuwa na haraka ya kumzika, kumwoza au kumkabidhi kwa chama.

Ndiyo maana narudi Peponi, kwenye sehemu ambayo msomaji Mwislamu ataitambua kabla hajaambiwa. Bibi mwenye nyumba, mke mkubwa wa Aziz, aliyejifungia kwa sababu ya alama usoni mwake, amekuwa akimtazama Yusuf akiwa bustanini kupitia vioo vilivyotundikwa mitini. Baadaye anamwita ndani. Mwisho Yusuf anamponyoka na shati lake linachanika kwa nyuma. Kisa tunakijua: ni cha Sura ya Yusuf kwenye Qur'ani, ambamo bibi anafunga milango, wawili hao wanakimbilia mlangoni, kanzu inachanwa kwa nyuma, na mume wanamkuta hapohapo mlangoni. Katika kisa cha asili kanzu iliyochanika nyuma ni ushahidi, na ukweli hatimaye unamtoa Nabii Yusuf gerezani na kumpandisha cheo. Gurnah anaweka kila kitu mahali pake, mpaka shati, kisha anauondoa ule ukombozi. Aziz anarudi safarini, anaona, anaelewa, na hamwadhibu mtu. Anazungumza na Yusuf kwa upole uleule wa siku za sarafu. Hakuna hakimu, hakuna mfalme wa kufasiriwa ndoto. Kuna tajiri mmoja anayesamehe, na msamaha wake ni deni jipya.

Kurasa za mwisho zinaleta askari wa Mjerumani wakikusanya watu kwa ajili ya vita vya kwanza vya dunia. Khalil na Yusuf wanajifungia ndani ya duka. Ni mara chache kwenye kitabu kizima ambapo wao wenyewe ndio wanaofunga mlango. Askari wanaondoka. Yusuf anatoka nje, anawaona mbwa wakila kinyesi kilichoachwa, anasikia nyuma yake kitu kama makomeo yakitiwa kwenye mlango wa bustani, na anakimbia kuufuata msafara wa askari wale wale. Wahakiki wengi wameshaandika kama huo ni uhuru au ni utumwa mwingine. Mimi nilikuwa natafuta kitu kidogo zaidi: kwa nini siku hiyo na si nyingine? Na nadhani nimekipata kwenye yale makomeo. Muda wote mlango ulikuwa wazi na hakuondoka. Anaondoka pale anaposikia unafungwa, naye yuko nje.

Nimeacha Theft mwisho kwa sababu sijaimaliza. Hadithi inahusu kijana mwingine, Badar, anayepelekwa kuwa mtumishi wa nyumbani Dar es Salaam miaka ambayo wengi wetu tunaikumbuka, miaka ya televisheni kuingia majumbani na watalii kuanza kujaa Unguja. Mzee wa nyumba hiyo ana kinyongo naye kutokana na mambo ya baba yake, na kijana kwa muda mrefu haambiwi ni mambo gani. Kwa mara nyingine mtoto analipia hesabu za mzazi. Badar hana alama ya mjeledi popote. Ana chumba chake kidogo, chakula, na namna ya kusimama bila kuonekana ambayo Gurnah ameiandika kwa ustadi unaotisha. Kila aliyewahi kukaa kwa watu ataijua. Na huyu hatoroki wala hakatai kuondoka. Anasingiziwa wizi wa vitu vya dukani na anafukuzwa. Mlango unafunguliwa na mwenye nyumba, na anatupwa nje.

Hilo sikulifikiria kabisa kwa msichana wangu. Nilimpa njia mbili tu, abaki au atoroke, kumbe waajiri wa Dar es Salaam wana ya tatu na wanaitumia kila wiki: pesa inapotea kabatini, msichana anapekuliwa begi lake mbele ya watoto aliowalea, na ule mshahara wa kutunziwa unafutika kwa sababu mwizi hadai. Sura ya nne nimeshaanza kuibomoa. Noti aliyokuwa nayo mkononi sasa ina kazi.

Kwa sasa Badar yuko Unguja, chini ya ulinzi wa Karim, jamaa mwenye elimu aliyemwonea huruma, na amepata kazi hotelini. Ana mshahara wa kweli na kitasa cha chumba chake mwenyewe. Namfurahia, na papo hapo nimeanza kumshuku Karim, kwa sababu ukarimu wake una harufu ninayoifahamu kutoka kitabu kile kingine. Lakini ninayemwogopea zaidi ni Gurnah. Amekaa miongo mingi akiwanyima wahusika wake faraja ya bei rahisi, sasa naona kurasa zinapungua na kijana anaanza kupata mambo mazuri, moja baada ya jingine. Anaweza kuwa ananiandalia pigo. Au labda safari hii amechoka kuwaacha watu barazani na ameamua kumpa mmoja wao nyumba. Nikikuta kampa, nitataka kuona kwanza ni nani aliyekuwa akikaa humo.